Majeraha ya ligamenti za goti

Majeraha ya ligamenti za goti ni madhara yanayotokea pale kano zinazounganisha mifupa ya goti zinapovutwa kupita kiasi, zinapochanika kwa sehemu au zinapokatika kabisa. Hutajwa zaidi katika habari za mpira wa miguu, lakini huwapata pia waendesha bodaboda, wakulima, wavuvi, wachimbaji wa madini na mtu yeyote anayeteleza au kuanguka vibaya.

Majeraha mengi ya aina hii hayahatarishi maisha, na baadhi hupona bila upasuaji. Hata hivyo, jeraha lisilotambuliwa mapema linaweza kuliacha goti likiwa legevu kwa miaka mingi, kuharibu gegedu na kumzuia mtu kufanya kazi inayomlisha. Aina moja, yaani goti lililoteguka kabisa, inaweza kusababisha mguu kukatwa kama mgonjwa hafikishwi hospitalini ndani ya saa chache. Kwa sababu hiyo namna ya kutambua jeraha na njia ya kufikia matibabu ni mambo yenye uzito wa pekee kwa wakazi wa maeneo yaliyo mbali na hospitali kubwa, kama vile Musoma, Bunda na Butiama katika mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania.

Muundo wa goti

Goti ni kiungo kinachokutanisha fupa la paja na mfupa mkubwa wa muundi. Mbele yake kuna mfupa mdogo wa mviringo unaoitwa kilegesambwa au pia ya goti. Mifupa hiyo haishikani yenyewe kwa umbo lake, bali hutegemea misuli na kano.

Katika Kiswahili neno "kano" hutumika kwa nyuzi zinazounga msuli na mfupa na pia kwa zile zinazounga mfupa na mfupa. Katika tiba hizo za pili huitwa ligamenti. Goti lina ligamenti kuu nne:

* Ligamenti mtambuka ya mbele, ambayo huzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na kudhibiti mzunguko wa goti. Katika habari za michezo hutajwa kwa kifupisho ACL. Urefu wake ni takriban sentimita 3 tu.
* Ligamenti mtambuka ya nyuma, ambayo huzuia mfupa wa muundi usirudi nyuma. Ni nene na imara kuliko ile ya mbele.
* Ligamenti ya upande wa ndani, inayozuia goti lisibonyee kuelekea goti la pili.
* Ligamenti ya upande wa nje, inayozuia goti lisipinde kuelekea nje.

Kati ya mifupa hiyo kuna pia vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyoitwa meniski. Hivyo hupunguza kishindo cha uzito wa mwili na mara nyingi huumia pamoja na ligamenti.

Namna jeraha linavyotokea

Watu wengi hudhani kwamba goti la mchezaji huumizwa na rafu. Kumbe majeraha mengi ya ligamenti mtambuka ya mbele hutokea bila mchezaji kuguswa na mtu: anakimbia, anasimama ghafla, anageuka huku unyayo umenata chini, au anatua vibaya baada ya kuruka. Uwanja wenye mashimo na viatu visivyofaa huongeza hatari. Wanawake wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka, kama netiboli, mpira wa kikapu na mpira wa miguu, hupatwa na jeraha hilo mara nyingi zaidi kuliko wanaume wanaocheza michezo ileile.

Ligamenti ya upande wa ndani huumia hasa goti linapogongwa kutoka nje. Ligamenti mtambuka ya nyuma huumia pale sehemu ya juu ya muundi inaposukumwa nyuma goti likiwa limekunjwa, kwa mfano dereva wa pikipiki anapogonga gari kwa goti, au mtu anapoangukia goti kwenye jiwe. Katika ajali za pikipiki si ajabu ligamenti mbili au tatu kukatika kwa pamoja.

Mkoani Mara mazingira ya kuumia ni mengi. Musoma ni mji wa bandari na uvuvi kando ya Ziwa Viktoria, ambako watu hupanda na kushuka mitumbwi juu ya mawe yenye utelezi. Bunda iko kwenye barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Musoma hadi mpakani Sirari, yenye malori, mabasi na pikipiki. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, ni wilaya ya wakulima na wafugaji, na ndani yake kuna Buhemba, eneo la uchimbaji wa dhahabu. Mpira nao unapendwa: klabu ya Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu Tanzania Bara mwaka 2018, na kuanzia shule za msingi kuna mashindano ya UMITASHUMTA, kisha UMISETA kwa sekondari.

Madaraja

Majeraha hupangwa katika madaraja matatu:

* Daraja la kwanza: nyuzi zimevutwa tu. Kuna maumivu lakini goti ni imara.
* Daraja la pili: baadhi ya nyuzi zimechanika. Goti hulegea kiasi.
* Daraja la tatu: ligamenti imekatika kabisa. Goti hulegea waziwazi, ingawa maumivu yanaweza kuwa madogo kuliko ya daraja la pili.

Jambo hilo la mwisho huwadanganya wengi. Maumivu kupungua si ushahidi kwamba ligamenti imepona.

Dalili

Mtu aliyekatika ligamenti mtambuka ya mbele mara nyingi husimulia kwamba alisikia mlio kama wa kitu kinachokatika, kisha akashindwa kuendelea na mchezo. Goti huvimba ndani ya saa chache kwa sababu damu huvuja ndani ya kiungo. Uvimbe unaojitokeza polepole, siku ya pili, huelekeza zaidi kwenye jeraha la meniski au kuvutwa kidogo kwa kano.

Baada ya wiki mbili au tatu uvimbe hupungua na mgonjwa hutembea tena. Hapo ndipo dalili kuu hujitokeza: goti "linakimbia" au "linaachia" wakati wa kugeuka, kushuka mteremko au kushuka ngazi. Kila linapoachia, meniski na gegedu huendelea kusagika.

Goti lisiloweza kunyooka hata kidogo, kana kwamba kuna kitu kimebana ndani, huashiria kwamba kipande cha meniski kimenasa, na huhitaji kuonwa na daktari wa mifupa mapema.

Uchunguzi

Maelezo ya mgonjwa na mikono ya mchunguzi ndiyo vipimo vya kwanza, navyo havihitaji umeme. Mtabibu mwenye ujuzi anaweza kutambua majeraha mengi akiwa katika zahanati. Huuliza jeraha lilitokeaje, goti lilivimba baada ya muda gani, na kama linaachia. Kisha hulinganisha goti lililoumia na lile zima, kwa kuwa ulegevu wa kawaida hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Vipimo vikuu vya mikono ni hivi:

* Kipimo cha Lachman: goti hukunjwa kwa nyuzi 20 hadi 30, paja hushikwa kwa mkono mmoja na muundi huvutwa mbele kwa mkono mwingine. Muundi ukisogea zaidi kuliko wa upande mzima, na bila kugota, ligamenti mtambuka ya mbele huenda imekatika. Kipimo kina jina la John Lachman, daktari wa Marekani, na kilielezwa katika maandishi mwaka 1976.
* Kipimo cha droo: goti hukunjwa kwa nyuzi 90, kisha muundi huvutwa mbele au kusukumwa nyuma. Kikivutwa mbele hupima ligamenti mtambuka ya mbele. Kikisukumwa nyuma hupima ile ya nyuma.
* Kupinda pembeni: muundi husukumwa nje na ndani, goti likiwa limenyooka na pia likiwa limekunjwa kwa nyuzi 30, ili kupima ligamenti za pembeni.

Siku ya kwanza maumivu na uvimbe hukaza misuli, hivyo vipimo vinaweza kudanganya. Ni kawaida kumwita mgonjwa arudi baada ya siku 7 hadi 14 ili apimwe upya.

Picha ya eksirei haioneshi ligamenti, ila huonesha mfupa uliovunjika. Kanuni za Ottawa, zilizotungwa nchini Kanada miaka ya 1990, husaidia kuamua nani apigwe picha baada ya kuumia goti: mwenye umri wa miaka 55 au zaidi, anayeumia akibonyezwa kwenye kilegesambwa peke yake au kwenye kichwa cha mfupa mdogo wa muundi, asiyeweza kukunja goti hadi nyuzi 90, au asiyeweza kutembea hatua nne tangu alipoumia. Wakati mwingine eksirei huonesha kijipande kidogo cha mfupa kilichong'oka upande wa nje wa muundi. Alama hiyo ilielezwa na daktari Mfaransa Paul Segond mwaka 1879, na mara nyingi humaanisha kwamba ligamenti mtambuka ya mbele imekatika.

Kipimo cha MRI ndicho kinachoonesha ligamenti na meniski kwa uwazi. Kinapatikana katika hospitali kubwa na gharama yake si ndogo. Hutumika hasa pale upasuaji unapofikiriwa au uchunguzi wa mikono usipotoa jibu. Si kila goti linalouma linahitaji MRI.

Goti lililoteguka: hali ya dharura

Katika mazungumzo ya kila siku mtu husema "nimeteguka goti" hata kwa maumivu madogo. Katika tiba, goti lililoteguka ni lile ambalo fupa la paja na mfupa wa muundi vimeachana. Angalau ligamenti mbili, mara nyingi tatu, huwa zimekatika. Nyuma ya goti hupita ateri kubwa inayopeleka damu mguuni, nayo inaweza kuchanika au kuziba kwa nguvu ya ajali.

Mguu uliokosa damu huanza kufa baada ya takriban saa 6 hadi 8. Dalili za hatari ni mguu kuwa wa baridi, kupauka, kufa ganzi, kushindwa kuinua unyayo, na mapigo ya damu kutosikika juu ya unyayo au nyuma ya kifundo. Goti linaweza kurudi mahali pake lenyewe kabla mgonjwa hajafika hospitalini, likaonekana la kawaida, ilhali ateri imeumia. Kwa hiyo mtu aliyepata ajali kubwa na goti lake kulegea pande zote anapaswa kupimwa mapigo ya damu mara kwa mara kwa angalau siku moja, hata kama anasema hana maumivu makali.

Huduma ya kwanza

Mgonjwa aache mara moja alichokuwa akifanya. Goti lipumzishwe na kuinuliwa juu ya kiwango cha moyo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Mahali pasipo na barafu, kitambaa kilicholoweshwa kwa maji baridi husaidia. Bandeji ifungwe kwa kukaza kiasi, na ilegezwe vidole vikianza kufa ganzi au kubadilika rangi. Parasetamoli hutosha mara nyingi kwa maumivu.

Siku mbili tatu za mwanzo hazifai kukandwa kwa maji ya moto, kuchuliwa, kunywa pombe wala kujaribu kukimbia ili "kulilegeza" goti, kwani mambo hayo huongeza kuvuja kwa damu.

Matibabu bila upasuaji

Ligamenti ya upande wa ndani ina damu ya kutosha na hupona yenyewe katika hali nyingi, hata ikiwa imekatika, mradi goti likingwe kwa kifaa cha kulishikilia kwa wiki 4 hadi 6 na mgonjwa afanye mazoezi. Majeraha mengi ya ligamenti mtambuka ya nyuma yanayotokea peke yake hutibiwa vivyo hivyo.

Ligamenti mtambuka ya mbele iliyokatika kabisa hairudi kwa urahisi, lakini si kila aliyekatika huhitaji upasuaji. Utafiti uliofanyika nchini Uswidi na kutolewa mwaka 2010 uliwalinganisha vijana 121: kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi, lingine lilianza na mazoezi na kupasuliwa baadaye ikihitajika. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo zilikaribiana, na baada ya miaka mitano takriban nusu ya kundi la pili walikuwa hawajahitaji upasuaji. Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mgonjwa aishiye mbali na daktari wa mifupa, kwa kuwa mazoezi yaliyoongozwa vizuri ni tiba kamili na siyo namna ya kusubiri tiba.

Piopi ya muda mrefu haishauriwi kwa jeraha la ligamenti peke yake. Goti lililofungwa kwa wiki nyingi hukakamaa, na misuli ya paja hukonda upesi.

Upasuaji

Upasuaji hufikiriwa kwa mtu ambaye goti lake linaendelea kuachia baada ya miezi mitatu hivi ya mazoezi, kwa mchezaji anayetaka kurudi kwenye michezo ya kugeuka, kwa aliyeumia meniski inayoweza kushonwa, na kwa majeraha ya ligamenti kadhaa.

Ligamenti mtambuka ya mbele kwa kawaida haishonwi bali hutengenezwa upya. Daktari huchukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, kutoka nyuma ya paja, chini ya kilegesambwa au juu yake, kisha hukipitisha kwenye matundu yaliyotobolewa katika mifupa na kukikaza. Siku hizi kazi hiyo hufanyika kwa athroskopia, yaani kupitia matundu madogo kwa kutumia kamera nyembamba.

Mazoezi tiba

Ama mgonjwa amepasuliwa ama hakupasuliwa, mazoezi ndiyo yanayoamua mwisho wa safari. Lengo la wiki za kwanza ni kulinyoosha goti kabisa na kuamsha msuli wa mbele wa paja. Mgonjwa hulala chali, huweka khanga iliyokunjwa chini ya kisigino na kuliacha goti linyooke. Kisha hukaza paja na kuinua mguu ulionyooka. Baadaye huongezwa kukaa na kusimama kwenye kiti, kupanda kidato, kusimama kwa mguu mmoja na kuinua mfuko wa mchanga uliofungwa kifundoni. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mashine.

Choo cha kuchuchumaa hulipa goti mzigo mkubwa katika wiki za mwanzo. Kiti kilichotobolewa katikati kinaweza kutumika mpaka goti likunjike bila maumivu. Kulima kwa jembe na kubeba ndoo ya maji kichwani hurudiwa kwa hatua.

Kukimbia kwa kawaida huanza baada ya miezi mitatu au zaidi. Kurudi uwanjani hakupaswi kutangulia miezi tisa baada ya upasuaji, wala kabla mguu ulioumia haujafikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu mzima. Beki wa Liverpool Virgil van Dijk, aliyeumia Oktoba 2020, alirudi kucheza mwishoni mwa Julai 2021 katika mechi ya kirafiki. Kati ya vijana wanaorudi kwenye michezo ya ushindani baada ya upasuaji, takriban mmoja kati ya wanne au watano huumia tena goti lilelile au la pili, na wanaowahi kurudi ndio walio hatarini zaidi.

Njia ya rufaa katika mkoa wa Mara

Huduma za afya nchini Tanzania hupanda ngazi kuanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda hadi ya taifa. Kwa Mara, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Kwangwa katika Manispaa ya Musoma na hujulikana kwa jina la Mwalimu Nyerere. Hospitali ya kanda ni Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 jijini Mwanza, takriban kilomita 220 kutoka Musoma. Ngazi ya juu ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Mgonjwa wa Butiama kwa kawaida hufika barabara kuu kwa kupitia Makutano na kuelekea Musoma. Mgonjwa wa Bunda yuko kati ya Musoma na Mwanza, hivyo katika dharura ya mguu uliokosa damu ni muhimu hospitali inayomtuma iulize kwanza kwa simu ni wapi kuna daktari anayeweza kushona ateri siku hiyo. Kumpeleka mahali pasipo na huduma hiyo, kisha kumgeuza, kunaweza kumaliza saa zote zilizobaki.

Gharama zisizoonekana ni nauli, malazi ya msindikizaji na siku za kazi zinazopotea. Kwa mazoezi tiba njia inayowezekana ni mgonjwa kufundishwa hatua zote katika ziara chache, kuandikiwa, na kuzifanya nyumbani akirudi kupimwa kila baada ya wiki kadhaa.

Waunga mifupa na uchuaji

Kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika, watu wengi huanzia kwa mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa au kwa mchuaji. Wako karibu, wanaaminika na hulipwa kidogokidogo. Uchuaji wa polepole wa misuli ya paja baada ya uvimbe kuisha unaweza kumpa mgonjwa nafuu. Hatari iko katika kulivuta na kulizungusha goti bichi, kulifunga kwa vijiti vilivyokazwa mno, na kumchelewesha mgonjwa mwenye mguu baridi. Ligamenti iliyokatika hairudishwi kwa kuvutwa. Mahali ambapo waunga mifupa na wahudumu wa zahanati wanafahamiana, ni rahisi zaidi mgonjwa wa hatari kupelekwa mbele mapema.

Kinga

Mpango wa mazoezi uitwao FIFA 11+ una mazoezi 15 katika sehemu tatu, na huchukua takriban dakika 20 kabla ya mazoezi ya kawaida: kukimbia polepole, kuimarisha misuli na kujifunza kutua na kugeuka, halafu kukimbia kwa kasi. Timu zinazoufuata angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Hauhitaji vifaa zaidi ya mpira na uwanja, hivyo unafaa hata timu za shule na za mchangani. Jambo kuu ni kufundishwa kutua kwa vidole na goti lililokunjwa, bila magoti kuegemeana.

Kujaza mashimo ya uwanja na kuondoa mawe kabla ya mechi, kupumzika mtu anapochoka, na kutobeba abiria wengi kwenye bodaboda ni kinga nyingine zilizo mikononi mwa jamii.

Historia

Galeni, tabibu wa kale wa Dola la Roma, alieleza ligamenti za goti na kazi yake ya kuliimarisha. Mwaka 1895 daktari Mayo Robson wa Leeds, Uingereza, alishona ligamenti mtambuka zote mbili za mchimbaji wa migodini, ambaye baadaye alirudi kutembea vizuri. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves alitengeneza ligamenti mpya kwa kutumia utando wa paja. Athroskopia ilianzia Japani: Kenji Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti mwaka 1918, na Masaki Watanabe aliboresha kifaa hicho mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi kikafaa kwa upasuaji.

Tazama pia

* Goti
* Gegedu
* Mfumo wa mifupa
* Huduma ya kwanza
* Mkoa wa Mara